Safari ya Mlimani Hupangwa Nyumbani

Watu wengi hufikiri kuwa safari huanza gari linapoondoka stendi. Sivyo. Safari huanza nyumbani. Huanza siku unapokaa chini na daftari na kalamu, ukajiuliza: Ninakwenda wapi? Ninakwenda kufanya nini? Nitarudi lini? Nitatumia fedha kiasi gani?

Leo nataka tuzungumze juu ya safari ya kwenda milimani kwa gari la abiria. Nitatumia mfano wa Milima ya Usambara, katika Mkoa wa Tanga. Wakulima wengi wa tambarare hupenda kwenda Lushoto kuona jinsi wenzao wanavyolima kwenye miteremko. Ni safari nzuri. Lakini isipopangwa, hugeuka kuwa hasara.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Mimi ni bwana shamba. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 niliongoza kikundi cha wakulima 12 kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Handeni. Safari ile iliharibika, na kosa lilikuwa langu. Sikilizeni jinsi ilivyokuwa.

SAFARI ILIYOHARIBIKA

Mvua za masika zilipokuwa zikinyesha, udongo wa mashamba yetu ulikuwa ukichukuliwa na maji. Tuliona makorongo yakiongezeka kila mwaka. Mavuno ya mahindi yalipungua. Wakulima waliniuliza, "Bwana shamba, tufanye nini?" Niliwaambia habari za makinga maji ya Lushoto. Wakasema, "Twende tukaone kwa macho yetu."

Kikundi kilichanga fedha kwa miezi minane. Wengine waliuza kuku. Wengine waliuza mahindi ya akiba. Bibi mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 60 aliuza mbuzi wake wa pekee. Fedha zilipopatikana, mimi nilisema, "Tuondoke Ijumaa hii. Mengine tutayajua mbele ya safari."

Hayo ndiyo maneno yaliyotuponza.

Tulichelewa kuondoka kijijini, kwa sababu hatukuuliza gari hupita saa ngapi. Tulifika Korogwe jioni. Pale stendi mtu mmoja alituambia kuwa yeye ni wakala wa mabasi. Alichukua fedha za watu watatu, akaenda "kuleta tiketi". Hatukumwona tena. Tulifika Mombo saa mbili usiku, mvua ikinyesha. Gari la kupanda Lushoto halikuwepo. Tulilala kwenye mabenchi. Hakuna aliyekuwa na koti.

Asubuhi tulipanda Lushoto. Ilikuwa Jumamosi. Ofisi ya kilimo ilikuwa imefungwa. Tena hakuna mtu aliyejua kuwa tunakuja, maana sikuandika barua wala kupiga simu. Yule bibi alikuwa akitetemeka kwa baridi. Tulimnunulia chai na blanketi. Fedha zilikuwa zimekwisha, isipokuwa za nauli ya kurudi. Tulitazama soko, tukaona kabichi na karoti, tukageuka.

Ndani ya gari hakuna aliyesema neno. Tulipofika nyumbani bibi akaniambia, "Mwanangu, nimeuza mbuzi wangu ili nikaone giza la Mombo." Wanachama wawili walijitoa katika kikundi. Sikuwa na la kujibu. Fedha zile zilikuwa jasho la watu.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena. Safari hii tulipanga, na tukafanikiwa. Haya ninayowaeleza leo ndiyo tuliyojifunza.

KWANZA: JUA UNAKWENDA KUFANYA NINI

Wahenga walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Usiende mlimani kwa sababu jirani alikwenda. Kila mtu na shida yake. Andika katika daftari lako sababu ya safari kwa sentensi moja. Sisi tuliandika hivi: "Tunakwenda kujifunza kuzuia maji ya mvua yasichukue udongo."

Sentensi hiyo moja ilitusaidia sana. Ilituonyesha tuonane na nani. Ilituonyesha tukae siku ngapi. Mtu aliposema, "Twende pia tukatazame kitu fulani," tuliuliza, "Je, kinahusu udongo?" Kama hakihusu, tulikiacha mpaka kazi iishe.

Lushoto ni mahali pazuri pa kujifunza habari za udongo. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, na miteremko ni mikali. Mkulima asipokinga maji hupoteza shamba lake. Lakini haikuwa rahisi kufika hapo. Katika miaka ya 1940 na 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta. Asiyechimba aliadhibiwa. Watu walichukia, wakakataa, na mpango ule ukaachwa kabla ya Uhuru. Kuanzia miaka ya 1980 ulikuja mradi wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto, kwa msaada wa Ujerumani. Wakulima walihimizwa kupanda majani ya malisho na miti katika mistari inayokata mteremko, na kufugia ng'ombe bandani. Ng'ombe hula majani hayo. Samadi hurudi shambani. Mkulima huona faida, naye huitunza ile mistari.

Hapo kuna fundisho kwetu sisi mabwana shamba na mabibi shamba pia. Mkulima akiamrishwa, hukataa. Mkulima akiona kwa macho yake na kuuliza maswali yake, huamua mwenyewe. Ndiyo maana safari ya kwenda kuona ina maana kubwa.

PILI: CHAGUA MWEZI UNAOFAA

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Aprili. Hilo lilikuwa kosa. Aprili ni masika. Barabara za milimani huteleza. Wakati mwingine udongo na mawe huporomoka na kuziba njia, na magari husimama saa nyingi. Tena Aprili ni wakati wa palizi. Mkulima akiwa safarini, magugu hayamsubiri.

Tambua majira ya Usambara. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei. Mvua za vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Agosti njia ni kavu zaidi, lakini baridi ni kali. Sisi safari ya pili tulichagua mwisho wa Agosti mwaka 2019. Mahindi yalikuwa yamevunwa. Vuli ilikuwa haijaanza. Kila mtu alikuwa na nafasi, na kila mtu alikuwa na fedha kidogo.

Chagua pia siku ya juma. Ukitaka kuonana na watu wa ofisi, fika siku ya kazi. Sisi tuliondoka Jumatatu, tukarudi Jumatano. Uliza pia siku ya gulio. Siku hiyo magari huwa mengi, lakini hujaa. Na mkulima unayetaka kumwona huenda yuko sokoni, hayuko shambani.

TATU: TOA HABARI KABLA YA KWENDA

Mgeni asiyetarajiwa huwapa wenyeji taabu. Andika barua au piga simu wiki tatu kabla ya safari. Sisi tulipitia ofisi yetu ya kilimo ya wilaya. Wao wakawasiliana na wenzao wa Lushoto. Katika barua tulieleza mambo manne:

1. Sisi ni nani, na tuko wangapi.
2. Tunataka kujifunza nini.
3. Tutafika siku gani na saa ngapi.
4. Namba ya simu ya kiongozi wa kikundi.

Subiri jibu. Usipopata jibu, uliza tena. Usiondoke mpaka umejua jina la mtu atakayekupokea.

Chukua pia barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kijiji. Kila mtu achukue kitambulisho chake. Nyumba za wageni huandika majina ya wageni katika kitabu. Mwenye kadi ya bima ya afya aichukue. Ugonjwa hauchagui mahali.

NNE: IJUE NJIA YAKO KIPANDE KWA KIPANDE

Safari ya gari la abiria ni kama mnyororo. Kipande kimoja kikikatika, mnyororo wote umekatika. Kwa hiyo andika kila kipande peke yake. Njia yetu ilikuwa hivi:

Kipande cha kwanza: kijijini hadi Handeni mjini.
Kipande cha pili: Handeni hadi Korogwe. Ni kilometa 65 hivi, barabara ya lami.
Kipande cha tatu: Korogwe hadi Mombo. Hii ni barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Mabasi ni mengi.
Kipande cha nne: Mombo hadi Lushoto kupitia Soni. Ni kilometa 33 hivi za kupanda mlima. Hapa hupita magari madogo na mabasi ya Lushoto.

Kwa kila kipande jiulize maswali matatu. Gari la kwanza huondoka saa ngapi? Gari la mwisho huondoka saa ngapi? Nauli ni kiasi gani? Usimwulize mtu mmoja tu. Uliza watu wawili au watatu, hasa wanaosafiri njia hiyo mara kwa mara. Kuuliza si ujinga.

Kisha hesabu saa, na uongeze saa za kungoja. Gari la abiria halikungojei, lakini wewe hulingoja. Sisi tuliamka saa tisa usiku. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa garini. Tulifika Korogwe saa mbili na nusu asubuhi, Mombo saa nne, na Lushoto kabla ya saa sita na nusu mchana. Tulikuwa na mwanga wa kutosha kutafuta mahali pa kulala.

Kumbuka kanuni hii: fika chini ya mlima kabla ya adhuhuri. Ukichelewa, lala tambarare, panda kesho. Njia ya mlimani ina kona kali, na ukungu huweza kushuka. Hakuna haja ya kupanda usiku.

Wanaotoka Dar es Salaam wana njia fupi ya kuelezea. Mabasi ya mikoani huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Yapo mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja. Njia yake ni Chalinze, Segera, Korogwe na Mombo. Ukipanda basi la Moshi au Arusha, mwambie kondakta mapema kuwa unashuka Mombo. Usingoje mpaka upitilizwe.

TANO: HESABU FEDHA ZAKO

Mali bila daftari hupotea bila habari. Safari nayo ni vivyo hivyo. Nitatoa mfano wa hesabu ya mtu mmoja kwa siku tatu. Namba hizi ni za kujifunzia tu. Nauli hubadilika. Wewe uliza nauli ya siku yako, uandike namba zako.

Nauli ya kwenda, vipande vyote vinne: shilingi 14,000
Nauli ya kurudi: shilingi 14,000
Chakula, siku 3 kwa shilingi 6,000: shilingi 18,000
Kulala, usiku 2 kwa shilingi 10,000: shilingi 20,000
Jumla: shilingi 66,000

Je, hesabu imekwisha? Bado. Ongeza fedha ya dharura. Sisi tuliamua kuwa dharura iwe sawa na nauli ya kwenda, yaani shilingi 14,000. Sasa jumla ni shilingi 80,000 kwa mtu mmoja. Kwa watu 12 ni shilingi 960,000.

Nauli ya kurudi ni amana. Itenge siku ya kwanza. Ifunge peke yake. Usiiguse hata ukiona kitu kizuri sokoni.

Fedha za kikundi zisishikwe na mtu mmoja. Sisi tuligawa mafungu matatu. Fungu moja lilikaa kwa mweka hazina. Fungu la pili lilikaa kwa mama mmoja mwaminifu. Fungu la tatu lilikuwa kwenye simu. Namba ya siri ya simu ni siri kweli. Usimtajie mtu, hata akisema anakusaidia. Kila jioni tulikaa pamoja, tukasoma matumizi ya siku hiyo kwa sauti. Hakuna aliyenung'unika.

SITA: KATA TIKETI KWA USALAMA

Stendi kuna watu wema na kuna walaghai. Mpiga debe atakuvuta mkono. Atasema gari linaondoka sasa hivi. Usiharakishwe. Haraka haraka haina baraka.

Lipa ofisini au kwa kondakta mwenyewe, ukiwa umeliona gari. Dai tiketi. Isome kabla hujaondoka dirishani. Wewe sasa unajua kusoma, basi utumie ujuzi wako. Tazama mambo haya: jina lako, tarehe, saa ya kuondoka, mahali unapokwenda, namba ya gari, na kiasi ulicholipa. Kikikosekana kimoja, uliza hapo hapo. Itunze tiketi mpaka mwisho wa safari. Bila tiketi huna ushahidi.

Nauli za mabasi husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Mamlaka hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Hutangaza viwango vya juu vya nauli. Ukitozwa zaidi ya kiwango, una haki ya kulalamika kwao au kwa askari wa usalama barabarani.

Ndani ya gari funga mkanda. Dereva akikimbiza gari ovyo, abiria semeni. Semeni kwa adabu, lakini semeni wote pamoja. Asiposikia, pigeni simu polisi. Mwenye roho ni wewe.

Usipokee chakula, kinywaji wala peremende kutoka kwa mtu usiyemjua. Watu wamewahi kuleweshwa kwa dawa na kuibiwa mali zao. Kataa kwa upole. Sema, "Ahsante, nimeshiba."

Mzigo wako uandike jina na namba ya simu. Dawa, fedha na vitambulisho visikae kwenye buti la gari. Vikae nawe.

SABA: JIANDAE KWA BARIDI NA KONA

Kadiri unavyopanda mlima, joto hupungua. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mombo iko kiasi cha mita 1,000 chini yake. Kwa hiyo unaweza kuondoka Mombo ukitoka jasho, na baada ya saa moja ukatafuta koti. Usiku wa Juni, Julai na Agosti baridi huwa kali zaidi.

Kila mmoja wetu alichukua vitu hivi:

- Koti au sweta nzito
- Soksi na kofia
- Shuka nzito au blanketi jepesi
- Mwavuli au koti la mvua
- Viatu visivyoteleza
- Chupa ya maji
- Dawa anazotumia kila siku, za kutosha siku tano
- Daftari na kalamu

Kwa nini dawa za siku tano, na safari ni ya siku tatu? Kwa sababu gari huweza kuharibika. Mwenye shinikizo la damu, pumu au kisukari amwone mganga kabla ya safari. Mama mjamzito naye aulize kwanza zahanati.

Njia ya Mombo hadi Lushoto inapindapinda. Wengi hutapika. Si aibu, na si ugonjwa wa ajabu. Kula kidogo kabla ya kupanda, na usile vyenye mafuta mengi. Kaa viti vya mbele. Tazama mbali mbele, usitazame chini. Fungua dirisha kidogo. Weka mfuko tayari, usimchafue jirani. Masikio yakiziba, meza mate.

Ukihitaji bodaboda ya kwenda kijijini, patana bei kabla ya kupanda. Vaa kofia ngumu. Panda mtu mmoja tu. Mvua ikinyesha, subiri ipungue.

NANE: UWE MGENI MWEMA

Ukoo wa Wakilindi uliotawala Usambara ulianzishwa na mgeni. Jina lake Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Habari zake zimeandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Mbegha alipanda milima kwa miguu, akawagawia wenyeji nyama ya mawindo yake. Wenyeji wakampenda, wakampa utawala huko Vuga. Sisi watu wa Handeni tulifurahi kukumbuka kuwa mgeni yule alitoka upande wetu.

Sisi hatukwenda kutafuta utawala. Lakini tulikumbuka kutokwenda mikono mitupu. Tulichukua mfuko wa mahindi na mbegu za kunde. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Salimuni kwanza. Wazee waamkieni. Msikanyage mistari ya majani shambani. Msipige picha kabla ya kuomba ruhusa. Msicheke lugha ya watu. Ulizeni maswali, kisha nyamazeni msikilize. Mtu mmoja awe mwandishi wa kikundi.

Na jambo moja muhimu sana, ndugu mkulima. Usirudi na mbegu za viazi, machipukizi ya migomba, wala udongo, bila kumwuliza mtaalamu. Ugonjwa wa mnyauko husafiri ndani ya viazi vya mbegu na katika udongo ulioshika jembe au viatu. Unaweza kubeba maradhi ukidhani umebeba zawadi. Pangusa viatu vyako kabla ya kuondoka shambani.

Tena si kila zao la mlimani litakubali tambarare. Viazi mviringo, peasi na kabichi hupenda baridi. Jifunze maarifa ya mwenzio, usiige zao lake tu. Maarifa ya kukinga maji hufaa Lushoto na hufaa Handeni.

TULICHOLETA NYUMBANI

Katika safari ya pili tulipokelewa na mtaalamu wa kilimo, tukapelekwa mashambani kwa siku nzima. Tuliona makinga maji na mistari ya majani. Tuliona ng'ombe bandani. Mkulima mmoja alitufundisha kipimo cha miti mitatu iliyofungwa kama herufi A. Katikati hutundikwa kamba yenye jiwe. Kamba ikitulia katikati ya ule mti wa ulalo, miguu miwili iko usawa mmoja. Unapiga mambo hapo, unasogea mbele. Hivyo unapata mstari ulio sawa unaokata mteremko. Kipimo hicho hakina gharama. Hata mtoto wa shule hukifahamu kwa siku moja.

Yule bibi aliyeuza mbuzi alikuja pia. Sikumwomba. Alisema, "Safari hii nina koti." Alishika kamba ya kipimo kwa mkono wake, akapima mistari miwili katika shamba la mwenyeji wetu.

Tuliporudi, yeye ndiye aliyeanza. Alipima mistari mitano shambani kwake, akapanda majani ya malisho. Masika yaliyofuata mvua ilinyesha sana. Nilikwenda kumtembelea. Nyuma ya kila mstari udongo ulikuwa umejikusanya. Chini ya shamba maji yalitoka polepole, tena hayakuwa mekundu kama zamani. Wale wawili waliojitoa walikuja kutazama. Siku ile ile wakaomba kurudi kikundini.

Bibi hakunisifu. Aliniambia tu, "Bwana shamba, sasa unanidai nini? Mimi bado nakudai mbuzi mmoja." Tulicheka. Lakini najua kuwa ni kweli, na tangu siku ile siongozi safari bila daftari.

Ndugu msomaji, nawe kama unataka kwenda mlimani, shime! Chukua daftari. Andika sababu, mwezi, njia, saa na fedha. Toa habari mapema. Kisha nenda ukaone, urudi uwafundishe wenzako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini safari ya kwanza iliharibika? Taja makosa manne.
2. Kutoka kijijini kwenu hadi mlima ulio karibu kuna vipande vingapi vya safari? Viandike.
3. Fanyeni hesabu ya fedha kwa mtu mmoja kwa nauli za kwenu. Msisahau dharura.
4. Kwa nini si vizuri kurudi na mbegu za viazi au machipukizi ya migomba bila kumwuliza mtaalamu?
5. Kama mngepata nafasi ya kuwatembelea wakulima wengine, mngetaka kujifunza jambo gani moja? Liandikeni kwa sentensi moja.